Ghorofa Iliyorudi Shambani

Kwetu Mutsamudu, binti akizaliwa, nyumba yake huanza. Haina haraka. Mwaka huu baba hununua chokaa, mwaka ujao hupata mbao, mwaka unaofuata hapati kitu. Mtoto anakua na ukuta unakua, na wapita njia wakiutazama ukuta wanajua mtoto amefika umri gani. Nyumba ni ya binti. Mume ndiye anayekuja na sanduku lake. Mimi nilikuwa binti pekee, kwa hiyo nyumba yangu ilikusudiwa iwe ya ghorofa, na ghorofa inahitaji mawe.

Mawe yalikuwepo shambani. Shamba letu, yaani shamba la mama aliloachiwa na mama yake, liko mlimani nyuma ya mji, mahali penye mteremko mkali hivi kwamba ukitaka kugusa ardhi iliyo mbele yako huna haja ya kuinama sana. Watu wa kale wa mama walilichonga kama ngazi. Kila daraja la ngazi lilishikwa na ukuta mfupi wa mawe yaliyopangwa bila chokaa, na nyuma ya ukuta palikaa udongo mweusi wenye majimbi, mbaazi na migomba. Pembezoni palikuwa na ua wa miti ya mibono, na ng'ombe alifungwa kamba katika daraja moja mpaka alirutubishe, kisha akahamishiwa la pili. Haya nayajua kwa kusimuliwa. Nilipofika umri wa kuupanda mlima kwa miguu yangu mwenyewe, kuta za juu zilikuwa zimeshateremka mjini.

Baba hakuwa mharibifu. Alikuwa mchukuzi wa bandarini, mtu wa subira, mzaliwa wa Unguja, na Kiswahili ninachoandikia hapa ni chake. Aliona mawe yaliyokwisha kuchaguliwa na watu wenye akili, bapa juu na chini, tena yako mlimani na nyumba iko bondeni. Kila baada ya mavuno alivunja ukuta mmoja, akayateremsha mawe kichwani pamoja na wenzake. Majirani nao walikuwa na mabinti, nao waliteremsha yao. Hakuna siku watu walipokaa wakaamua kuharibu mashamba. Waliamua kujenga nyumba.

Nyumba ilipanda, shamba likashuka. Nilipoanza shule ya Kifaransa nilikuwa na vyumba viwili. Nilipomaliza nilikuwa na ghorofa yenye kuta na madirisha lakini haina paa, na mama alianika karafuu humo. Shamba lilikuwa jekundu, limechimbika mifereji, na muhogo wake ulikuwa mwembamba kama vidole vya mgonjwa. Mama alisema ardhi imechoka. Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyotumia akiwataja ndugu ambao hawaji tena kutusalimia. Baba alifariki kabla ya paa.

Mwaka visiwa vyetu vilipopata uhuru nilikuwa Moroni, mji mkuu, nikikaa kwa shangazi yangu mtaa wa Magoudjou, katika nyumba iliyobanana na nyumba nyingine hivi kwamba jirani akikohoa sisi tulimpa pole bila kuinuka. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kilimo. Mkuu wangu alikuwa mtu mpole aliyesomea udongo Ufaransa. Aliandika ripoti na mimi nikazipiga chapa, na nyingi zilihusu kisiwa changu cha Nzwani. Zilisema miteremko inapoteza udongo, kuta za zamani zimeachwa, nyua zimekatwa, mvua ikinyesha bahari inakuwa nyekundu mpaka mbali. Nilizipiga chapa bila makosa. Hazikutaja nyumba yangu, na mimi sikuiona humo.

Kisha ikaja serikali ya mapinduzi. Kiongozi mpya alikuwa mtu wa kilimo mwenyewe, na alisema nchi ianze upya. Siku moja tulitangaziwa kwamba watumishi wa serikali tumeachishwa kazi. Nilidhani wanasema baadhi yetu. Walikuwa wanasema sote. Vijana wa shule walitoa majalada nje wakayachoma uani, pamoja na ripoti zote za udongo wa Nzwani. Tulisimama tukitazama kwa sababu hatukuwa na kazi nyingine. Mkuu wangu aliwauliza wale vijana kwa adabu kama kuna aliyeuona mwavuli wake ofisini. Wakaenda wakautafuta, wakampa. Akaufungua, maana majivu yalikuwa yakianguka, akaondoka nao akiwa ameushika wima.

Nilirudi Mutsamudu kwa meli ndogo ya mizigo pamoja na mbuzi, ambao wao hawakuwa wamefukuzwa popote.

Mama alinipokea, akanitazama, akasema nimekonda, akanipa wali. Habari za kazi hakuziuliza. Kilichomshughulisha ni ndoa yangu. Alikuwa amenichumbia mfanyabiashara mmoja wa Hombo, mtu wa makamo mwenye duka na sifa njema, na harusi ilikuwa ingoje paa. Sasa serikali ilikuwa imepiga marufuku harusi kubwa, zile za kulisha mji mzima, kwa sababu zilifilisi watu. Bwana wa Hombo alituma ujumbe kwamba haoni sababu ya kuoa kwa harusi ndogo, na kwamba atasubiri. Tulipouliza anasubiri nini, mjumbe alisema anasubiri serikali ipite. Mama aliona hilo ni jibu la mtu mwenye busara. Mimi sikuulizwa, na sikuwa nimezoea kuulizwa, kwa hiyo sikukasirika. Niliendelea kuanua karafuu.

Mwaka uliofuata mvua za kaskazi zilikuja na nguvu. Mchana mmoja, baada ya sala ya adhuhuri, tulisikia mto unapiga kelele ambayo si yake. Vichochoro vya mji wetu ni vyembamba, maji yakiingia hayana pa kwenda ila ndani ya nyumba za watu. Yaliingia kwetu mlangoni, yakafika kwenye vitanda, na hayakuwa maji, yalikuwa uji mwekundu. Mimi na mama tulipandisha sanduku la nguo za harusi juu ya meza, tukapanda ghorofani, tukasimama chini ya mvua pale ambapo paa lingekuwepo. Hapo tulikaa tumeloa mpaka jioni.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuja mvua ilipokatika. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mambo ya ukoo, mtu wa maneno machache na mawazo mengi. Aliingia chumbani kwa miguu mitupu, matope yakimfika magotini. Alipapasa kwa mguu, akainama, akavuta kitu. Kilikuwa jembe. Tulilijua kwa mpini wake uliofungwa waya. Tulikuwa tumeliacha kwenye kibanda cha shambani.

"Dada," mjomba alisema, "hili ni shamba lako."

"Naliona," mama alisema.

Tulianza kulitoa nje kwa ndoo. Lilikuwa zito. Kila ndoo mama aliitazama kabla ya kuimwaga kichochoroni, kama mtu anayetafuta pete. Mimi nilikumbuka ripoti zile zote, na kwa mara ya kwanza nilielewa nilichokuwa nikipiga chapa. Sikumwambia mama. Hakuna maneno mazuri ya kumweleza mtu, akiwa na ndoo mkononi, kwamba jambo lake limekwisha kuandikwa kwa Kifaransa.

Haikupita wiki akaja mwenyekiti wa kamati. Kamati zilikuwa za wanafunzi, na mwenyekiti wa mtaa wetu alikuwa mtoto wa jirani, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye kitambaa chekundu mkononi. Alipokuwa mdogo akaugua surua, mama ndiye aliyemwogesha. Sasa alisimama mlangoni akamwita mama "mwenzetu," maana ndivyo walivyoagizwa kumwita kila mtu. Mama alimwuliza kama mama yake anajua kwamba amepata mwenzake wa umri wake. Kijana akatazama chini, akaanza tena kwa kusema shikamoo.

Alichokuja kusema kilikuwa cha maana. Mashamba yote ya mlimani, alisema, yarudishwe hali yake ya zamani: kuta zijengwe, nyua zipandwe, ng'ombe wafungwe na kuhamishwa, mbuzi wasizurure. Kila familia ianze na lake, na kamati italeta watu wa kusaidia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza mawe yako wapi. Kijana alisema juu mlimani kuna majabali, na baruti ya kuyapasua itakuja kutoka Moroni. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya kuandika kuhusu vitu vitakavyokuja kutoka Moroni.

Mama aliinua macho akatazama dari.

Mjomba alikuwepo, akaelewa kabla yangu. "Ghorofa ya mtoto?" aliuliza.

"Haina paa."

"Paa litakuja."

"Kilichokuja ni matope," mama alisema.

Mjomba alibishana naye kwa muda mrefu. Alisema bwana wa Hombo aliposa nyumba ya ghorofa. Alisema watu watacheka kwamba binti wa watu fulani nyumba yake inarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Alisema marehemu aliyabeba mawe yale kwa shingo yake. Hapo nilidhani mambo yamekwisha. Kisha mama alisema marehemu aliyabeba ili binti yake asilale kwenye maji, na binti yake amelala kwenye maji. Akanigeukia.

"Nyumba ni yako. Sema wewe."

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nne, nimefanya kazi, nimefukuzwa, nimechumbiwa, na yote hayo yalinifikia kama hali ya hewa. Nilimtazama mjomba, kisha yule kijana mwenye kitambaa, ambaye alikuwa amesahau kufunga mdomo.

"Tuyarudishe," nilisema.

Mama alitikisa kichwa kukubali, akaenda kupika. Mjomba akasema basi ayabomoe yeye, maana hataki kuona wanafunzi wakivunja kwa nyundo mawe ambayo anayajua moja moja.

Aliyabomoa kwa utaratibu, akikwangua chokaa, akiyapanga kichochoroni makubwa kwa makubwa. Watu walikuja kutazama. Wanawake wa mtaa walisimama na shiromani zao zimewafunika mabega, nguo zile nyekundu na nyeupe za kwetu, wakamwuliza mama kama ni kweli. Mama aliwaambia ni kweli, na kama wamesimama bure wanaweza kubeba moja wakienda. Wengine walikasirika. Wengine walibeba. Nadhani waliobeba walikuwa na matope vyumbani mwao.

Kamati nayo ilileta watu kama ilivyoahidi. Wengi wao walikuwa Wakomori waliorudishwa mwaka huo kutoka kisiwa kikubwa cha Bukini, mji wa Mahajanga, baada ya wenzao wengi kuuawa kule. Walikuwa wamelazwa katika madarasa ya shule. Serikali ilikuwa imeamua kwamba watakuwa wakulima. Haikuwauliza walikuwa nani. Katika kundi letu alikuwemo fundi wa redio, walikuwemo wauza nguo, na alikuwemo kinyozi.

Kinyozi alikuwa mtu mrefu mwenye mikono laini, amevaa viatu viwili visivyofanana, alivyopewa kwenye meli. Mkasi wake alikuwa nao mfukoni mwa shati. Aliongea lugha yetu kwa lafudhi ya Kibukini, na akikosa neno alisimama kabisa, jiwe likiwa kichwani, mpaka alipate. Alikuwa mkulima mbaya sana. Ukuta wa kwanza aliojenga ulianguka alipokuwa bado anautazama. Aliomba radhi kwa kila mtu aliyekuwepo, akaujenga upya, ukaanguka. Mjomba alimweleza kwamba mawe makubwa yanakaa chini na ukuta unaegemea mlima, hausimami wima kama askari. Kinyozi alisema ameelewa. Ulisimama siku mbili.

Mahali pa kuta hatukupata taabu kupajua. Nyasi zilikuwa zimebaki katika mistari myembamba, pale mawe ya chini kabisa yalipokuwa bado yamefukiwa na kushika udongo kidogo, na ukitazama kutoka upande wa pili wa bonde uliona ngazi nzima kama nguo iliyokunjwa zamani. Tulifuata mistari hiyo. Asubuhi tulipanda na mawe, mchana tulijenga, na kwa kuwa mlima ulikuwa umeyazoea mawe kushuka, miguu yetu nayo iliona ajabu kuyapandisha. Shingo iliniuma hata nikawa siwezi kugeuka kumwangalia anayeniita. Nilikuwa mpiga chapa. Vidole vyangu vilikuwa na nguvu, viungo vingine vyote vilikuwa vya ofisini.

Tulichomeka fito za mibono na miti mingine inayoshika upesi, tukapanda matete kando ya kuta ili mizizi isaidiane na mawe. Ng'ombe wa mjomba alifungwa katika daraja la kwanza tulilomaliza. Alionekana ndiye pekee aliyejua hasa anachotakiwa kufanya.

Tatizo lilikuwa mbuzi. Fito zikichipua, mbuzi hufika. Amri ilisema mbuzi wanaozurura watakamatwa na kamati, na mbuzi walioula ua wetu walikuwa wa bibi yake mwenyekiti. Kijana alihangaika siku nzima. Mwishowe aliwakamata kwa haki, akawafunga mbele ya ofisi ya kamati, akasimama kando yao na kitambaa chake. Bibi alikuja na bakora. Aliwafungua mbuzi wake, akawatanguliza nyumbani, akamwashiria na mjukuu wake atangulie. Kesho yake mbuzi walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba ya bibi na wanaletewa majani, na mwenyekiti ndiye aliyekuwa anayaleta. Ua wetu ukapona.

Siku moja tulikuwa tunajenga ukuta wa kati, mimi nampa kinyozi mawe naye anapanga. Kwa wakati huo alikuwa amejifunza, kuta zake zilikuwa zinasimama, ingawa zilikuwa na tumbo. Nilimwuliza duka lake la Mahajanga lilikuwaje. Alisema lilikuwa na vioo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, ili mtu aone kisogo chake. Akasema siku ya mauaji alikuwa ametoka nje kutafuta maji ya moto.

"Kaka yangu alikuwa kwenye kiti," alisema. "Taulo liko shingoni."

Nilingoja aendelee. Aligeuza jiwe mkononi akitafuta upande wake bapa, akalikaza mahali pake, akaomba lingine. Nikampa. Mpaka leo, na tumekaa pamoja miaka mingi, hajanisimulia zaidi ya hapo, nami sijamwuliza tena. Lakini nilianza kuangalia asipewe mawe mazito peke yake, na wakati wa chakula nilikaa karibu naye. Yeye kwa upande wake alianza kukata nywele za watu pale shambani, mmoja mmoja, juu ya ukuta uliomalizika. Wanafunzi wa kamati walipanga foleni. Mjomba alijizuia kwa muda, akidai nywele zake hazina haraka, kisha siku moja nikamkuta amekaa ukutani macho yamefungwa, kichwa ameinamisha kama mtoto.

Bwana wa Hombo alisikia habari, akaja mwenyewe. Alivaa kanzu safi na alikuja na mkebe wa biskuti. Alisimama kichochoroni akaitazama nyumba yangu kwa muda. Ilikuwa nyumba ya chini tu, na juu yake mjomba alikuwa ameweka mabati ya kuazima. Mama alimkaribisha, akampa chai. Alikunywa, akamwuliza mama kwa upole kama ghorofa itarudi. Mama alimwambia imekwisha kurudi ilikotoka. Bwana yule akasema, kwa upole uleule, kwamba yeye alikuwa ameposa nyumba ya ghorofa, na hamlaumu mtu. Mama akasema hata yeye hamlaumu. Biskuti alituachia. Zilikuwa nzuri.

Nilidhani nitaona aibu. Nilikaa chumbani nikiingoja aibu hiyo, haikuja. Kilichokuja ni usingizi, kwa sababu nilikuwa nimebeba mawe tangu alfajiri.

Kinyozi alinioa kabla ya mvua zilizofuata. Alimtuma fundi wa redio kwa mjomba, maana hakuwa na ndugu mwingine wa kumtuma. Mjomba aliuliza mposaji ana nini. Fundi wa redio akafikiri, akasema ana mkasi. Mjomba alikuja kuniuliza mimi, jambo ambalo lilikuwa limeanza kuwa desturi katika familia yetu, nami nikakubali. Harusi ilikuwa ya chai, mikate na dua. Kamati ilitusifu mbele ya watu kwamba tumefuata maagizo ya serikali kuhusu harusi ndogo. Kwa kweli hatukuwa na kitu cha kufanyia harusi ya aina nyingine. Sanduku la bwana harusi lilikuwa la kuazima, na ndani yake palikuwa na vile viatu visivyofanana.

Mvua zilipokuja tulipanda wote kutazama. Si kweli kwamba kuta zote zilishika. Moja ya zile zenye tumbo ilipasuka, na daraja lake likamwagika juu ya lililo chini. Lakini lile la chini lilipokea. Maji yalisimama nyuma ya kila ukuta, yakakaa, yakazama taratibu, na yaliyofika mtoni yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, siyo damu. Mjini matope yaliingia vichochoroni yakafika vifundoni, yakaishia mlangoni kwetu. Watu waliona. Jirani wa juu yetu shambani, ambaye alikuwa amecheka kuliko wote, alikuja kumwuliza mjomba fito za mibono tulizipata wapi.

Chemchemi ya zamani, ambako mama aliwahi kuchota maji akiwa msichana, haikurudi. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda kusimulia kwamba ilirudi. Palirudi unyevu. Chini ya ukuta wa mwisho ardhi ilikuwa baridi hata wakati wa kiangazi, na mama alipanda majimbi pale, yakakubali. Baada ya mwaka muhogo ulikuwa wa kushika kwa mkono mzima. Mama alikuwa akiupita sokoni muhogo wa wengine na kuutazama kwa huruma.

Kisha serikali ikaanguka. Mamluki walishuka Moroni, kiongozi akauawa, na siku chache baadaye wale waliokuwa wanajificha wakatoka na wale waliokuwa wametoka wakajificha. Mwenyekiti wa kamati alikuja kwetu kupitia nyuma, bila kitambaa, akaketi chumbani mwangu kwenye mkeka. Kulikuwa na watu waliokuwa wanamtafuta, na wengine walikuwa na sababu. Walikuja mlangoni wakamwuliza mama kama yumo. Mama alisema yumo, amempa kazi, na wakimpiga watamaliza wao kazi yenyewe. Waliuliza ni kazi gani. Akasema kubeba samadi. Walitazamana, wakaenda kutafuta mtu mwingine. Jioni hiyo kijana alipanda mlimani na kapu la samadi, kwa kuwa mama hakupenda kusema uongo.

Harusi kubwa zilirudi, na mawe yakaanza tena kuteremka. Katika mashamba ya watu wengine nilishuhudia kuta ambazo nilisaidia kuzijenga zikipakiwa vichwani. Waliosema ile ilikuwa kazi ya kulazimishwa hawakusema uongo, maana kwa wengine ilikuwa hivyo. Mtu mmoja mwenye mabinti wawili alikuja kwa mama kuuliza kama ataachia kuta za juu, ambazo zina mawe mazuri yaliyokwisha kuchongwa. Mama alimwambia akae, akampa chai. Alimwuliza mabinti wanaendeleaje. Walizungumza mpaka magharibi, juu ya mambo mengine yote, na mtu yule akaondoka akiwa amekunywa chai nyingi na hana mawe. Mwaka mmoja hivi baadaye matope yalipoingia kwake alirudi, na safari hiyo aliomba fito.

Mimi na mume wangu tulihamia kisiwa cha Ngazidja, tukakaa Itsandra, na yeye akafungua duka la kinyozi karibu na barabara ya kwenda Moroni. Lina vioo viwili. Mimi nilirudi kupiga chapa, katika ofisi nyingine, barua za watu wanaotaka vibali. Kila likizo tulivuka kwenda Mutsamudu, na kabla ya kusalimia mtu mume wangu alipanda kwanza kutazama kuta zake, zile zenye tumbo, akizigonga kwa kisigino.

Mara ya mwisho nilipomwona mama akiwa na nguvu zake, tulimkuta mlimani na yule kijana, ambaye kwa wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na bado analima madaraja mawili aliyopewa na mama. Walikuwa wanagombana kuhusu kamba ya ng'ombe. Mama alisema ni fupi, mnyama hafiki kwenye kona. Mwalimu alisema ikirefushwa atafika kwenye mbaazi. Waliniita niamue. Nilisema mimi sijui mambo ya ng'ombe. Mama akasema kumbe ndiyo faida ya kukaa Ngazidja, akaifungua kamba, akaongeza kipande, akaifunga tena. Ng'ombe alitembea mpaka kwenye kona, akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye mbaazi.

"Ni mwaka wake wa kwanza," mama alisema. "Atajifunza."